Swali Liishe Kwanza

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa Februari 2013, na karibu sita kati ya kila watahiniwa kumi nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Lawama zilitawala redioni, bungeni na kwenye daladala. Serikali ikaunda tume, na miezi michache baadaye matokeo yenyewe yakapangwa upya, wengine wakapanda daraja. Kwetu Ngamiani, hapa Tanga, hesabu haikuwa ya asilimia. Ilikuwa ya majina. Tulijua ni binti wa nani aliyejifungia chumbani hataki kula, na ni kijana wa nani aliyeondoka alfajiri kwenda kutafuta kibarua Pongwe bila kumuaga mama yake.

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amekwisha kustaafu, hakushiriki katika zile lawama. Jioni moja alimwita kijana mmoja wa mtaani, mmoja wa wale waliopata sifuri, akamketisha barazani. Hakumuuliza kwa nini amefeli. Alimuuliza, "Mwanangu, hebu kumbuka. Hesabu zilikupotea wapi?" Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema zilimpotea darasa la tano, walipofika kwenye sehemu. Darasa la tano! Tangu hapo alikuwa amemaliza msingi, akafaulu kwenda sekondari, akakaa miaka minne mingine ananakili ubaoni vitu vilivyojengwa juu ya kitu asichokijua, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza swali lile. Mwalimu akamwambia aje kesho yake.

Kijana alikuja na mwenzake. Wiki iliyofuata walikuwa wengi kuliko mkeka. Ndivyo kilivyoanza kituo chetu cha masomo ya jioni, ingawa kwa muda mrefu hakuna aliyekiita kituo. Watoto walisema tu, "Naenda kwa Mwalimu."

Mimi niliingia kwa mlango wa Kiingereza. Nilikuwa karani bandarini, kazi yenye barua na fomu nyingi za Kiingereza, na Mwalimu alitaka mtu wa kuwasaidia wale wa kidato cha kwanza. Nilikwenda nikidhani nakwenda kufundisha. Kwa wiki za mwanzo Mwalimu hakuniruhusu kufundisha chochote. Aliniweka kwenye kigoda pembeni, akaniambia nisikilize. Nilichojifunza pale kigodani ndicho kilichonisukuma kuandika haya.

Barazani pale palikuwa na sheria moja tu. Mtoto akianza kuuliza, hakuna kumkatiza, hata kwa nia ya kumsaidia, hata kama jibu unalo mdomoni. "Swali liishe kwanza," Mwalimu alikuwa akisema, na mkono wake ulikuwa umeinuka kabla hujafungua kinywa.

Mara ya kwanza kuona nguvu ya sheria ile ilikuwa siku mtoto mmoja wa darasa la sita aliposimama na daftari lake. Alikuwa ameambiwa apange sehemu kuanzia ndogo hadi kubwa, naye akaiweka moja ya nane baada ya moja ya nne, kwa kuwa nane ni kubwa kuliko nne. Aliwekewa mkasi wa kosa shuleni na hakuelewa kwa nini. Akaanza: "Mwalimu, mimi naona nane ni kubwa, sasa hii..." Wenzake wakacheka, wawili watatu wakapaza sauti na jibu. Mkono ukainuka. Kimya. Mtoto akajikusanya upya, akazunguka, akarudi alikotoka, akanyamaza, akaendelea. Nilitamani kumsaidia mpaka vidole vikanicheza. Hatimaye akafika: "...kwa sababu dukani kwa baba nauza sukari kila siku, na mtu akitaka nusu robo nampimia kidogo, akitaka robo nampimia nyingi, sasa nusu robo si ndiyo thumuni, na thumuni si ndiyo hii ya nane?" Akaliangalia daftari. Akachukua penseli, akafuta, akapanga upya mwenyewe.

Hakuna aliyemfundisha kitu dakika ile. Alikuwa nacho kwa miaka, kwenye mizani ya duka la baba yake, lakini hakuna aliyewahi kumwachia nafasi ya kukifikisha kwenye daftari. Jibu lake lilikuwa mwishoni mwa swali lake, na mahali pengi maishani mwake swali lilikatwa likiwa bado mwanzoni.

Simlaumu mwalimu wa darasani kwa hili. Wengi wao nimeketi nao na najua mzigo wao. Kipindi ni dakika 40. Ukizigawa dakika hizo kwa watoto 100, na madarasa ya watoto 100 na zaidi yapo, kila mmoja anapata sekunde 24, tena kama mwalimu hatasema neno lake mwenyewe hata moja. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004 zilifungua mlango kwa watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba, na mimi naziona kuwa jambo jema lililofanywa na nchi hii. Majengo, hata hivyo, yalitangulia mbele sana ya walimu wa Hisabati na Sayansi. Katika mazingira hayo, cha kwanza kupotea ni swali la mtoto mpole. Hakuna anayelizuia. Linakosa tu pa kukaa.

Tangu siku ile nimejaribu kuibeba sheria ya Mwalimu hadi nyumbani kwangu na kazini. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Watu wazima tumezoea kuonyesha mapenzi kwa kutoa majibu haraka. Mtoto anaanza kueleza linalomsumbua, nasi tumekwisha kumshika mkono tunamvusha kwenda upande ambao hakuwa anaelekea. Mke wangu ndiye aliyeniambia, miezi kadhaa baada ya kuanza kwenda barazani, kwamba siku hizi akiongea nami, akinitazama ananikuta bado nasikiliza.

Jambo la pili nililojifunza lilikuwa saa. Watoto wetu wengi wakitoka shule mchana hula, hupumzika kidogo, kisha huenda chuoni kusoma Kurani mpaka karibu saa kumi na moja. Mwalimu hakutaka kugombana na chuo, wala hakutaka mzazi achague kati ya viwili. Akaweka masomo saa kumi na moja hadi adhana ya magharibi, na wale wa sekondari wakirudi baada ya isha. Saa hiyo haikubadilika. Kulikuwa na siku za mvua za masika ambapo alikuja mtoto mmoja, na Mwalimu alikuwa amekaa pale pale, chaki mkononi. Kulikuwa na siku umeme wa LUKU umekwisha na hakuna aliyekuwa na pesa, wakasoma kwa tochi za simu. Akina mama ndio waliotambua thamani ya jambo hilo kabla yetu. Mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga jirani na hapo aliniambia kwamba hajui kinachofundishwa, lakini anajua saa fulani mwanawe yuko mahali fulani, na kwa mama anayerudi usiku hiyo pekee ni nusu ya elimu.

Chuo kilitupa na kitu kingine. Kila aliyesoma chuoni pwani hii anajua kwamba mtoto hafundishwi na mwalimu peke yake. Aliyetangulia juzuu humsikiliza aliye nyuma yake. Mwalimu aliuhamisha utaratibu huo kama ulivyo. Aliyeelewa sehemu leo, kesho anakaa na mwenzake ambaye hajaelewa. Wageni wanaotutembelea hudhani ni mbinu mpya tuliyoisoma mahali. Ni ya babu zetu. Hata wazo la watu wa mtaa kukutana jioni kujifunza si geni kwetu. Bibi yangu alijua kusoma kwa sababu ya ngumbaru, yale madarasa ya kisomo yaliyoenea baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mama wa watoto wengi, mikono ina harufu ya nazi, alikwenda chini ya mwembe na ubao wake mdogo, na mpaka anafariki alikuwa akisoma gazeti kwa sauti ili sisi tuliozaliwa na shule tusikilize. Nikiwaona watoto wamejaa barazani naona kitu kilicholala kikaamka.

Kukua kulikuja polepole, na kila hatua ilikuwa na mtihani wake. Baraza ilipojaa tulihamia uani. Ua ulipojaa, mzee mmoja aliyekuwa amefunga duka lake alitupa chumba kile bila kodi. Fundi seremala akatengeneza mabenchi kwa mbao za wazazi. Ubao ulikuwa plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi. Hapo ndipo maswali ya pesa yalipoanza.

Wazazi kadhaa, kwa nia njema kabisa, walipendekeza tutoze ada kama tuisheni nyingine mtaani. Walikuwa tayari kulipa. Walisema kitu cha bure hakiheshimiwi. Mabishano yalikuwa marefu, na kamati yetu ndogo ilikaa mara nyingi juu ya jambo hilo. Mwishowe tulikubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeulizwa shilingi mlangoni, bali kila nyumba italeta inachoweza kwa zamu: umeme wa wiki, boksi la chaki, ndoo ya maji, kopi za mitihani iliyopita. Mjane asiye na kitu alikuja kufagia. Nasema kwa uhakika kwamba uamuzi huo ndio uliotuweka hai. Tuisheni ya kulipia ina kazi yake, sitaidharau, lakini humpata mtoto ambaye tayari ana mtu wa kumlipia. Aliyekuwa ameachwa nyuma darasa la tano si yule. Na nyumba iliyoleta chaki ya Jumatatu hutaka kujua chaki hiyo iliandika nini. Ada ingetupa wateja. Zamu zilitupa wenyeji.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa wa msaada. Alitokea mfadhili, mtu mwenye moyo mzuri, aliyekuwa tayari kutununulia madawati na vitabu. Aliomba mambo mawili: bango lenye jina lake, na tuchukue madarasa ya mitihani peke yake, yaani la saba na kidato cha nne, ili matokeo yaonekane haraka. Bango halikumsumbua mtu. La pili lilitugawa. Wapo walioona kwamba vitabu ni vitabu, na kwamba tungewarudia wadogo baadaye. Mwalimu alisikiliza kila mmoja mpaka akamaliza, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akauliza yule kijana wa kwanza, aliyekuja na sifuri yake, angeokolewa kidato cha nne au darasa la tano. Tukamshukuru mfadhili, tukabaki na mabenchi yetu.

Nimefikiri sana juu ya jioni ile. Kukua kuna kishawishi cha kwenda kule kunakohesabika. Watoto wa darasa la nne wasiojua kusoma hawana cheti cha kuonyesha wala picha ya kupiga. Lakini watafiti wa Uwezo, waliopita nyumba kwa nyumba nchini kuanzia mwaka 2010 kuwapima watoto, walikuta kwamba karibu theluthi moja tu ya wanafunzi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Theluthi mbili waliobaki hawakuwa wameonekana popote, kwa kuwa mitihani yao ilikuwa bado mbali. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 madarasa ya chini yakafurika, na chumba chetu nacho kikafurika wadogo. Tuliwapanga wadogo hao na wanafunzi wa kidato cha pili, mmoja kwa mmoja, nusu saa ya kusoma kwa sauti. Faida iliyotushangaza ilikuwa kwa wakubwa. Binti aliyekuwa haongei darasani alianza kunyoosha sentensi zake kwa ajili ya mtoto wa miaka minane, na sauti ile ile akaenda nayo shuleni.

Kuhusu Kiingereza nitasema kwa ufupi, ingawa ndicho kilichonileta. Mtoto anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha Januari moja anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo limebadili lugha. Nimewaona watoto waliokuwa wakali wa Sayansi wakigeuka wanakili. Njia yetu ni rahisi: kwanza anieleze kwa Kiswahili kile anachokijua, chote, mpaka amalize. Hapo ndipo tunatafuta pamoja sentensi za Kiingereza za kukibeba. Anayeanza na Kiingereza hukariri. Anayeanza na anachokijua hupata kitu cha kusema. Naamini watunga sera wanapaswa kuliangalia jambo hili kwa ujasiri zaidi, na nitaendelea kuamini hivyo.

Katika kamati yetu yumo mama mmoja ambaye nusu ya ukoo wake uko Mombasa, kama familia nyingi za Tanga zilizogawanywa na mpaka wa Horohoro bila kugawanyika. Yeye ndiye aliyetusimulia habari za shule za awali za madrasa kule. Viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa wamemwomba Aga Khan msaada wa elimu kwa watoto wao, na mwaka 1986 kazi ikaanza Mombasa chini ya Bi Swafiya Said. Ikavuka hadi Zanzibar mwaka 1990, Uganda mwaka 1993, na leo shule zilizotokana nayo zinazidi mia mbili. Kilichotugusa si ukubwa wake. Ni kwamba watu wa mtaa walitakiwa kuunda kamati na kutoa chumba, na walimu walikuwa akina mama wa mtaa huo huo waliofunzwa kazi, wakitengeneza vifaa kwa vifuu, makuti na vizibo vya chupa. Baada ya kusikia hayo tuliacha kusubiri walimu kutoka mbali. Tuliwaita dada wawili waliomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, Mwalimu akawalea mwaka mzima kigodani kama alivyonilea mimi. Mmoja wao sasa ndiye anayeshika ratiba yote.

Mwaka 2020 shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, na sisi tukafunga. Zilipofunguliwa tarehe 29 Juni watoto wengine hawakurudi, wavulana hasa, waliokuwa wameonja pesa za kusukuma toroli na kuvua. Dada zetu wawili waliwafuata mmoja mmoja, forodhani na sokoni. Wapo waliorudi. Wapo ambao mpaka leo tukikutana wananisalimia, "Shikamoo mwalimu," na kupita haraka.

Mwaka uliofuata, Novemba 2021, serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa kupata ujauzito warejee darasani. Kwenye mtaa wetu tangazo lile lilikuwa na sura ya binti mmoja. Alikuwa ametoka kidato cha pili, ana mtoto wa mwaka mmoja, na mama yake hakutaka hata kusikia neno shule. Aibu ya kwanza ilimtosha. Dada anayeshika ratiba alikwenda kwao jioni nyingi, hakuhubiri, alikaa na yule mama wakichambua mchele. Siku binti alipokuja, alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni. Bibi mwenye nyumba ya jirani akatoka, akampokea mtoto bila kuuliza, akamfunga mgongoni kwake, akaendelea na kazi zake. Sasa ni desturi: mwenye mtoto mchanga humkabidhi kwa bibi, akaenda kusoma. Hakuna kikao kilichopitisha jambo hilo. Yule binti aliniambia kwamba siku ile alikuwa ameapa, mtu wa kwanza akimtazama vibaya anageuka.

Watu huniuliza tumefaulisha wangapi. Ninayo majibu, na ninawapa kwa furaha, kwa kuwa wapo waliofika vyuoni, yupo muuguzi, yupo fundi umeme aliyetuwekea taa zote bila malipo. Yule kijana wa sehemu alirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu kwa kiasi chake, na leo ana karakana ya baiskeli. Jumamosi asubuhi huwafundisha darasa la tano, na huanza na sehemu kila mara. Lakini najua pia majina ya waliotuponyoka, na sitaki hesabu ya kwanza iifunike ya pili.

Sasa tuna jambo kubwa mbele. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi imekuwa miaka sita, na watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao kaka na dada zao watakuwa wanamaliza la saba kwa utaratibu wa zamani. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Serikali inajipanga kwa madarasa na walimu. Sisi tunajipanga kwa kigoda na benchi. Kwenye kikao cha mwisho Mwalimu, ambaye siku hizi magoti hayamruhusu kusimama sana, alitusikiliza wote tukipendekeza hili na lile, kisha akataka tuwaulize watoto wenyewe wanaogopa nini. Tuliwauliza. Wale watakaomaliza la saba waliogopa kukosa nafasi. Wadogo waliogopa kukaa darasa moja na wakubwa na kuchekwa wakiuliza. Kwa hiyo kuanzia muhula ujao makundi hayo mawili yatasoma pamoja kila Jumamosi, ili watakapokutana sekondari wawe wamekwisha kuzoeana. Tunahitaji mabenchi mengine na mtu wa Hisabati anayeweza kukaa miezi michache bila kusema neno.